Chupa ya Mwalimu

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikwenda katika shule moja ya msingi kumtazama mwanachuo wetu akifundisha Darasa la IV. Ilikuwa wiki moja kabla ya Aprili 26, na somo lake lilihusu Muungano. Juu ya kabati, mbele ya darasa, palikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mojawapo ya zile zinazobaki jikoni baada ya jamu au achari kwisha. Alikuwa ameipamba vizuri mno. Karatasi za kijani, njano, nyeusi na buluu zilikatwa kwa mkasi mkali na kubandikwa bila kunyanzi hata moja. Shingoni ilifungwa utepe, na kifuniko kilipakwa rangi ya dhahabu. Nilipendezwa. Kipindi hakijafika nusu, nami nilikwisha kumwandikia alama za juu katika sehemu ya zana.

Kipindi kilipokwisha nilimwendea mtoto mmoja aliyeketi dawati la nyuma. Aliniamkia, nikaitikia, kisha nikamwonyesha kabati na kumwuliza kile ni kitu gani.

“Ni chupa ya mwalimu.”

“Ya kazi gani?”

“Sijui, mwalimu. Tumekatazwa kuigusa.”

Nilirudi chuoni na daftari langu la alama, na jibu lile halikuniacha. Kijana yule hakukosa bidii. Alinunua karatasi kwa fedha zake mwenyewe, na nina hakika alikesha akikata na kubandika. Aliyekosa ni mimi, maana fomu tunayoijaza wakufunzi huuliza kama zana ipo, kama inaonekana na darasa zima na kama inalingana na somo. Haiulizi ni mikono ya nani iliyoitengeneza. Nami sikuuliza.

Naandika, basi, kuitetea chupa ile na kuilaumu kwa wakati mmoja. Naamini kwamba chupa moja ya jikoni, inayobadilishiwa mapambo kila sikukuu inapokaribia, ni zana yenye manufaa kuliko nyingi tunazozinunua au kuzichora kwa gharama kubwa. Lakini manufaa hayo hupotea mara moja endapo pambo haliwezi kuvuliwa, au endapo anayelivika na kulivua ni mwalimu peke yake.

Tazameni nyumba zetu siku ya kuamkia sikukuu. Hakuna baba anayenunua makochi mapya kwa sababu Idd imefika, wala mama anayetupa kabati la vyombo kwa ajili ya Krismasi. Vitu ni vile vile. Vitambaa vya makochi hufuliwa, hupigwa pasi na kutandikwa upya. Pazia la mlangoni hubadilishwa. Huko pwani, kawa lililokuwa limetundikwa ukutani hushushwa na kufunika sinia la pilau. Sikukuu ikipita, vitambaa vizuri hukunjwa na kurudishwa sandukuni hadi safari nyingine. Mtoto wa miaka minane anaufahamu utaratibu huu wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyetumwa kuanika vitambaa hivyo kambani na kuvianua kabla mvua haijanyesha. Anapofika shuleni akakuta pambo ambalo haruhusiwi kuligusa, tumemfanya mgeni katika jambo ambalo nyumbani ni mwenyeji.

Huenda mtauliza kwa nini iwe chupa ya kioo, na si kopo la bati au chupa ya plastiki, ambazo hupatikana kwa wingi zaidi. Bati huota kutu, na ukingo wake uliokatwa ni hatari kuliko kioo kizima. Plastiki hukwaruzika na kufifia. Kioo, ambacho ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja kwa moto mkali, huoshwa kikarudi kama kilivyokuwa. Harufu ya achari hukaa kwenye kifuniko tu. Kwa sababu hiyo ndiyo maana vyombo hivi vilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya jikoni. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha mwaka 1810 njia yake ya kuhifadhi vyakula katika vyombo vya kioo vilivyozibwa na kuchemshwa, na mwaka 1858 John Mason wa Marekani akapata hati ya uvumbuzi wa chupa ambayo shingo yake ina hesi za kupokea kifuniko cha kuzungusha. Chombo kilichobuniwa ili kitumike tena na tena hakistahili kugeuzwa sanamu ya msimu mmoja.

Nalijua jambo hili kwa sababu nimelifanya. Nilipokuwa mwanachuo, niliipamba chupa kwa nyota na pamba kwa ajili ya maonyesho ya Krismasi. Nilitumia gundi ya maseremala, na juu yake nikapaka vanishi ili ing’ae. Ilisifiwa sana. Ilipokaribia Pasaka niliitaka chupa yangu tena, nikakuta Krismasi imegoma kutoka. Nilikwangua kwa wembe nikajikata kidole gumba. Mwishowe, kwa hasira, nikaimiminia maji yaliyokuwa yakitokota, nayo ikapasuka kutoka shingoni hadi kitakoni. Kioo hupitisha joto polepole. Upande uliopata maji ya moto ulitanuka kabla upande wa pili haujapata habari. Atakaye kuisafisha chupa kwa maji ya moto aiweke ndani ya sufuria ya maji baridi kwanza, kisha aipashe moto taratibu, na asiitoe kuiweka juu ya sakafu baridi. Nembo ya karatasi iliyobandikwa kiwandani hutoka yenyewe ikilowekwa usiku kucha katika maji ya sabuni. Gundi inayobaki husuguliwa kwa mafuta kidogo ya kupikia na majivu laini yaliyochekechwa.

Tangu siku ile nimekataa kusema “kupamba chupa”. Nasema kuivika. Pambo liwe vazi: kipande cha karatasi, cha kitenge chakavu, cha ukili au cha ganda kavu la mgomba, kilichokatwa kwa kipimo cha chupa, kikazungushwa na kufungwa kwa uzi wa katani. Kama hapana budi kubandika, ncha moja ya vazi ibandikwe juu ya ncha nyingine, kamwe si juu ya kioo, na gundi iwe ya unga wa muhogo uliopikwa kama uji mzito, ambayo huachia ikilowa maji. Uji huo hugharimu fedha kidogo sana, na watoto wengi wameuona ukipikwa.

Hapo katika kukata vazi ndipo lilipo somo la hisabati ambalo kijana wetu alilifanya peke yake usiku chumbani kwake. Vazi liwe na urefu gani? Chupa iliyo mezani pangu ninapoandika ina kipenyo cha sentimita 7. Nimeipeleka katika Darasa la V bila kutaja kanuni yoyote, nikawaomba wanafunzi wakisie urefu wa karatasi itakayoizunguka. Wengi walisema sentimita 14, kwa kuwa chupa ina “upande wa mbele na upande wa nyuma”. Karatasi ya sentimita 14 ilipovikwa ikaacha pengo kubwa, darasa likacheka, na mmoja akaomba uzi. Uzi ulipozungushwa na kunyooshwa kwenye rula ulitoa sentimita 22. Wakaongeza sentimita moja na nusu ya kupishana, wakakata, na vazi likakaa. Kesho yake nilileta chupa nyembamba na nyingine nene, wakatengeneza jedwali la vipenyo na mizingo. Neno “mara tatu na kidogo” lilitoka kinywani mwa mwanafunzi kabla halijatoka katika kitabu.

Jambo jingine lilinishangaza hata mimi. Msichana mmoja alichora mistari ya mshazari kwenye karatasi iliyolala juu ya dawati. Alipoivika chupa, mistari ile ikawa inapanda ikizunguka, kama mharage unavyouzunguka mti. Alidhani amekosea, akaivua na kuilaza tena, mistari ikanyooka. Alifanya hivyo mara nne au tano bila kusema neno. Sikumwingilia. Kipindi kilikuwa kimekwisha zamani.

Sasa niseme juu ya sikukuu zenyewe, maana vazi lisilo na maarifa ni urembo mtupu. Mwanachuo wetu alichagua rangi za Bendera ya Taifa kwa ajili ya Muungano. Sina ugomvi na rangi, mradi tukumbuke kwamba bendera yenyewe si kitambaa cha kufunikia chupa. Lakini alisahau sifa kuu ya kioo, kwamba hupenya macho. Katika sherehe za Muungano mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alichanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar ndani ya chombo kimoja, na picha ya tendo lile ingali ikionekana kila mwezi wa Aprili unapofika. Chupa iliyo wazi ingeweza kulirudia tendo hilo mbele ya macho ya darasa. Mwaka huu nilimwomba mwanachuo mwingine ajaribu. Watoto walileta udongo mwekundu kutoka uwanja wa shule na mchanga mweupe kutoka mtoni, wakavikausha na kuvichekecha. Walipomimina wa kwanza na kisha wa pili, chupa ikawa na matabaka mawili yaliyotengana waziwazi. Ndipo ukazuka mjadala ambao haukuwa katika andalio la somo: je, tuikoroge au tuiache hivi? Waliotaka kukoroga walisema kwamba Mwalimu alichanganya. Wengine walisema kwamba ikiachwa tutaona vyote viwili. Mvulana mmoja akasema kwamba ikisha kukorogwa hakuna atakayeweza kuitenganisha tena, kwa hiyo wafikiri kwanza. Walipiga kura, wakakoroga. Siwezi kutaja kipindi cha uraia nilichowahi kukihudhuria kilichokuwa na uzito zaidi ya kile, na chupa ile haikuwa na utepe wala rangi ya dhahabu.

Hali kadhalika kwa Nane Nane, Agosti 8. Vazi la karatasi lenye picha ya jembe halina haja iwapo ndani ya chupa mnaweza kuweka mazao yenyewe, tabaka juu ya tabaka: ulezi, mtama, maharage, mahindi. Anzeni na punje ndogo chini. Darasa moja lilianza na mahindi, na kila chupa ilipoguswa ulezi uliteremka katika mianya ya mahindi hadi matabaka yakavurugika. Walijifunza kwa kosa hilo, nami sikuona sababu ya kuwazuia wasilifanye. Mbegu ziwe kavu kabisa, la sivyo zitaota ukungu. Hata zikiwa kavu, msishangae mkiona baada ya majuma machache unga ukishuka kati ya punje za mahindi: ni dumuzi, na mwalimu wa sayansi atawashukuru kwa kumwezesha kumwonyesha mdudu huyo kazini nyuma ya kioo. Baada ya sikukuu, punje zilizo nzima zipandwe au zirudishwe nyumbani. Ni chakula cha watu.

Wakati wa Ramadhani chupa ifundishe kuhesabu. Nimeona shule ambako watoto wa Kiislamu huleta kokwa moja ya tende kwa kila siku iliyofungwa, na darasa zima huitazama chupa ikijaa. Watabishana kama mwezi utaandama baada ya kokwa 29 au 30, na ubishi huo ni elimu ya anga. Kwa siku hizo tafadhali msiweke kashata wala peremende ndani ya chupa hiyo mbele ya mtoto aliyefunga. Na hata nje ya Ramadhani, mimi si shabiki wa chupa ya peremende iliyowekwa mezani kama chambo cha majibu sahihi. Mtoto huanza kumjibu mwalimu akiitazama chupa.

Kalenda ya ukutani ikae kando ya chupa. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31, na Idd-el-Fitri ikafuata Aprili 10. Mwaka 2025 Idd ilitangulia, mwisho wa Machi, na Pasaka ikaja Aprili 20. Darasa linaloweka mavazi yake katika jalada, kila moja likiwa limeandikwa tarehe kwa nyuma, litaona jambo hili lenyewe na kuuliza sababu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355, hivyo Idd hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Pasaka hufuata mwezi na jua pamoja, kwa hiyo huenda na kurudi, lakini haitoki nje ya Machi 22 na Aprili 25. Uhuru, Desemba 9, hausogei kabisa. Kwa bahati mbaya Uhuru na Krismasi aghalabu huwakuta watoto likizoni. Basi mavazi ya sikukuu hizo yatengenezwe mapema, na vipimo vya chupa viandikwe daftarini ili anayetaka aivike chupa ya jikoni kwao.

Juu ya Krismasi nina neno moja tu, na mniwie radhi. Acheni pamba. Kila mwaka naona pamba ikibandikwa kuwa theluji, nasi tunatoka jasho. Theluji tuliyo nayo iko kileleni Kilimanjaro, na watu wa huko wanaorudi nyumbani kwa mamia mwezi Desemba hawaifuati theluji, wanawafuata wazazi. Nje ya dirisha la darasa huenda umesimama ule mti wenye maua mekundu ambao watu wengi huuita mkrismasi, kwa vile huchanua msimu huo. Ua lake moja ndani ya chupa yenye maji linatosha.

Najua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba kioo huvunjika. Ni kweli, na kwa Darasa la I na la II ningekubali kabisa kwamba chupa ishikwe na mwalimu, watoto wapime na kukata. Kuanzia Darasa la III naona hofu yetu imezidi kiasi. Mtoto huyo huyo nyumbani huosha bilauri na kubeba chupa ya mafuta kutoka dukani. Kazi ifanyike chini, juu ya mkeka, chupa ishikwe kwa mikono miwili, na pasiwe na kupokezana kwa kurushiana. Chupa yenye ufa hata mdogo isiingie darasani. Ikivunjika, mwalimu ndiye akusanye vipande, avifunge katika gazeti na kuvizika katika shimo la taka. Katika madarasa niliyoyatazama imevunjika moja, na aliyeivunja ni mimi, kwa kiwiko.

Hoja ya pili ni muda. Wanachuo huniambia kwamba vipindi havitoshi na mtihani unasubiri. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama chupa ingekuwa kipindi cha ziada. Kupima vazi ni hisabati, kusimulia sikukuu ni lugha, kuhesabu kokwa ni jiografia. Muda unaopotea ni ule wa mwanachuo anayekesha akikata karatasi ambazo watoto 60 wangezikata kwa dakika 20, vibaya kiasi, lakini kwa mikono yao.

Ya tatu ndiyo nzito. Shule zetu zina watoto wa dini mbalimbali, na mwalimu mgeni hupamba sikukuu ya kwao bila kukusudia ubaya, akaisahau ya wengine. Nimekuta darasa lililovikwa Krismasi kwa juma zima ambalo halikuwahi kusikia neno Maulidi, na nimekuta kinyume chake. Ushauri wangu ni kwamba sikukuu ya dini isimuliwe na watoto ambao nyumba zao huisherehekea. Wao ndio waseme siku hiyo huliwa nini, huvaliwa nini, babu huamkiwa vipi. Mwalimu aulize kama mgeni anavyouliza. Asilazimishwe mtoto yeyote kutengeneza vazi ambalo wazazi wake hawaliafiki. Lakini chupa wakati huo iwe na kazi yake kwa kila mmoja, maana kupima, kuandika tarehe na kutunza jalada si ibada.

Katika shule moja nilimsikia mtoto akisema jambo ambalo hakuna fomu inayolitarajia. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni orodha ya sikukuu, akawaomba watoto wachague ya kuvika chupa. Msichana mmoja akasema, “Sisi nyumbani hatuna sikukuu hata moja.” Wenzake wakacheka. Mwalimu, naye alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, alinyamaza kidogo. Angeweza kumwambia kwamba 9 Desemba ni yetu sote, na angekuwa sahihi. Badala yake alimwuliza, “Ni siku gani ambayo nyumbani kwenu watu hufurahi wote?” Mtoto akafikiri. Akasema ni siku mahindi mabichi ya kwanza yanapochomwa, kwa sababu bibi hukaa nje nao na hakuna anayetumwa kazi. Wengi katika darasa wakasema kwao pia iko hivyo. Siku ile haimo katika orodha ya Serikali na haina tarehe. Waliivika chupa kwa maganda mabichi ya mahindi, yaliyofungwa kwa nyuzi zake yenyewe, na yule msichana ndiye aliyeamua siku ya kuyavua, yalipokwisha kunyauka.

Nilimpa mwanachuo yule alama nilizostahili kumpa. Za yule wa kwanza sikuzibadilisha, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilimwita tukazungumza, na chupa yake ya dhahabu ingali chumbani kwake, akiwekea kalamu.

Swali moja huulizwa mara kwa mara: je, mavazi ya mwaka huu yarithishwe kwa darasa lijalo? Mimi nakataa. Warithishwe chupa iliyooshwa, na daftari lenye vipimo na tarehe. Mavazi wachukue wenyewe walioyashona. Darasa jipya likikuta jalada lililojaa halitakuwa na la kufanya ila kufungua na kufunga, na baada ya miaka miwili tutakuwa tumerudi kwenye kabati lile lile.

Muhula huu nitakapokuja kuwatazama nitaendelea kuijaza fomu kama ilivyo, maana sina mamlaka ya kuibadilisha. Lakini kabla ya kuandika alama za zana nitakwenda kwanza dawati la nyuma. Katika chumba cha zana, chini ya rafu ya ramani, kuna chupa saba zilizooshwa. Mbili hazina vifuniko, na moja bado inanuka achari. Atakayezihitaji aje na uzi wake.